Sauti Iliyofungiwa: Sathima Bea Benjamin na Albamu Iliyongoja Zaidi ya Miaka 30

Historia ya muziki wa jazi imejengwa zaidi juu ya santuri kuliko juu ya maandishi, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki huo hubuniwa papo hapo, na kinachobuniwa hutoweka mara tu kinapomalizika kupigwa, isipokuwa pale ambapo kuna mtambo wa kukinasa. Wahakiki husikiliza santuri, wanahistoria hupanga vipindi vya muziki huo kwa kufuata tarehe za santuri, na wanamuziki chipukizi hujifunza ufundi wa waliowatangulia kwa kurudiarudia santuri zilezile. Mwanamuziki ambaye kazi yake haikunaswa, au ilinaswa lakini haikutolewa, hukosa nafasi katika historia hiyo hata kama alisikilizwa na kusifiwa na mabingwa wa zama zake. Mhadhara huu unalichunguza jambo hilo kwa kuitazama albamu moja, A Morning in Paris, ya mwimbaji wa Afrika Kusini Sathima Bea Benjamin, iliyorekodiwa mjini Paris mwezi Februari 1963 na kuwafikia wasikilizaji katikati ya miaka ya 1990. Hoja inayotetewa ni kwamba albamu hiyo haikupotea kwa bahati mbaya: wasikilizaji waliikosa kwa uamuzi wa wenye mali, ikaokolewa na nakala iliyokuwa nje ya mikono ya wenye mali hao, na kutolewa kwake, japo lilikuwa jambo jema, hakukuweza kumrudishia mwimbaji alichokikosa katika miaka yote ya kati.

Yafaa kwanza istilahi mbili ziwekewe mipaka. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 na 1970, jina la jazi lilibebwa na bendi za dansi kama Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz, ambazo muziki wake ulisimama juu ya magitaa na kuchota sana kutoka rumba ya Kongo na ya Cuba. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo kwa kawaida mwimbaji wake husindikizwa na piano, besi na ngoma, na ambayo hupenda kuchukua nyimbo zilizokwisha kujulikana, hasa za filamu na za michezo ya kuigiza, na kuzifasiri upya kila zinapoimbwa. Istilahi ya pili ni tofauti kati ya kurekodi na kutoa. Kurekodi ni kazi ya siku moja au chache studioni, ambayo matokeo yake ni kanda. Kutoa ni uamuzi wa kibiashara wa kuifyatua kanda hiyo kuwa santuri, kuitangaza na kuisambaza madukani. Kati ya hatua hizo mbili ndipo albamu nyingi zilipokwama.

Kutoka Cape Town hadi Zürich

Beatrice Benjamin, ambaye baadaye alipewa jina la Sathima na mpiga besi Johnny Dyani, alizaliwa mwezi Oktoba 1936 na kukulia Cape Town, akilelewa na bibi yake. Chini ya sheria ya mwaka 1950 iliyowagawa raia wa Afrika Kusini kwa rangi, aliwekwa katika kundi la machotara, kundi lililonyimwa haki za wazungu na wakati huohuo kutengwa na Waafrika wengine. Muziki aliujifunza kwa redio na sinema. Nyimbo za Nat King Cole, Billie Holiday na Ella Fitzgerald alizisikia redioni akanakili maneno yake, na akiwa bado kijana alishiriki mashindano ya vipaji yaliyofanyika katika majumba ya sinema wakati wa mapumziko. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa akiimba katika vilabu na dansi za mitaani pamoja na wapiga piano mashuhuri wa mji huo, na mwaka 1957 alifuatana na kundi la maonyesho lililozunguka kusini mwa Afrika mpaka likafilisika na kuwaacha wasanii wake wamekwama Msumbiji.

Aliporudi Cape Town alikutana mwaka 1959 na mpiga piano Dollar Brand, ambaye baada ya kusilimu mwaka 1968 alijiita Abdullah Ibrahim, na wawili hao wakaanza ushirikiano wa maisha na wa muziki. Mwaka huohuo walirekodi albamu iliyopewa jina la My Songs for You, Benjamin akiimba na watatu wa Dollar Brand wakimsindikiza. Kama ingetolewa, ingekuwa albamu ya kwanza ya jazi katika historia ya Afrika Kusini. Haikutolewa, na heshima ya kutangulia ikaenda kwa kundi la Jazz Epistles, ambalo Dollar Brand alikuwamo pamoja na Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Kippie Moeketsi, na ambalo albamu yake ilirekodiwa mwaka 1960. Kwa hiyo kilichotokea Paris mwaka 1963 kilikuwa mara ya pili kwa mwimbaji huyohuyo kukamilisha albamu na kuachwa mlangoni, na kila mara aliyempigia piano alipata santuri yake huku yeye akiikosa.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 katika kitongoji cha Sharpeville, na baada ya hapo maisha ya wanamuziki waliopiga mbele ya hadhira zilizochanganya rangi yalizidi kuwa magumu. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini serikali ya makaburu ilikuwa imekifanya kwao kuwa mahali ambapo mchezaji huhitaji kibali cha kuingia ukumbini na kibali cha kutoka. Mwaka 1962 Benjamin na Dollar Brand waliondoka kwenda Ulaya wakafikia Zürich, Uswisi, ambako watatu hao, yaani Dollar Brand mwenyewe, mpiga besi Johnny Gertze na mpiga ngoma Makaya Ntshoko, walipata kazi katika klabu iliyoitwa Africana.

Kikao cha Paris

Mapema mwaka 1963 Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote katika jazi ya Marekani, alipita Zürich katika ziara yake ya Ulaya. Benjamin alimwendea na kumsihi aje klabuni kuwasikiliza watatu hao. Ellington alikubali, na aliposikia muziki alitaka na yeye Benjamin aimbe. Wakati huo Ellington alikuwa na mkataba na Reprise, kampuni ya santuri iliyoanzishwa na mwimbaji Frank Sinatra mwaka 1960, na mkataba huo ulimpa nafasi ya kuchagua wasanii wengine na kusimamia rekodi zao. Aliwaalika Paris, na tarehe 24 Februari 1963, katika studio za Barclay, zilirekodiwa kazi mbili: albamu ya watatu hao na albamu ya Benjamin.

Siku hizo za Paris zilikuwa na kazi nyingi. Tarehe 22 Februari Ellington alikuwa amerekodi albamu ya fidla katika studio hizohizo, akiwakutanisha Stéphane Grappelli wa Ufaransa, Svend Asmussen wa Denmark na Ray Nance wa bendi yake mwenyewe, na ndiyo maana Asmussen alikuwapo wakati wa zamu ya Benjamin. Katika albamu ya Benjamin fundi huyo hakutumia sana uta. Alizidonoa nyuzi za fidla kwa vidole, kiasi kwamba mara nyingine ala yake inasikika karibu na gitaa. Gertze na Ntshoko walishika besi na ngoma, na kiti cha piano kilipokezanwa na watu watatu: Dollar Brand alipiga nyimbo nyingi, Ellington mwenyewe alikaa kwenye piano kwa tungo zake mbili, Solitude na I Got It Bad, na Billy Strayhorn, mtunzi aliyekuwa mkono wa kuume wa Ellington kwa miaka mingi, alipiga Your Love Has Faded na A Nightingale Sang in Berkeley Square. Jumla ni nyimbo 12, karibu zote za mapenzi na za mwendo wa taratibu.

Uimbaji wa Benjamin katika kanda hiyo unahitaji kuelezwa, kwa sababu ndio uliomvutia Ellington na huenda ndio uliowatia shaka wafanyabiashara. Hapazi sauti, wala haonyeshi ufundi wa kurukaruka juu ya noti kama walivyofanya waimbaji wengi wa wakati wake. Huachia neno nyuma kidogo ya mapigo, hulishikilia hadi maana yake ikamilike, kisha hunyamaza na kuiacha nafasi wazi kwa piano au fidla. Ukimya huo ni sehemu ya uimbaji wenyewe, na wapiga piano watatu wanaujibu kila mmoja kwa namna yake: Ellington kwa vishindo vichache vya chini, Strayhorn kwa mipangilio laini ya sauti inayofuatana, na Dollar Brand kwa uchache wa noti unaokaribiana na wa mpiga piano wa Marekani Thelonious Monk. Mwimbaji alikuwa na umri wa miaka 26, na hakuna mahali anaposikika akitishwa na ukubwa wa waliokaa nyuma yake.

Kwa nini kanda ilikaa kimya

Albamu ya Dollar Brand, iliyobeba jina la Ellington kama mdhamini wake, ilitoka bila kuchelewa sana na kumfungulia mpiga piano huyo milango ya Ulaya na Marekani. Albamu ya mpiga piano Bud Powell, ambayo Ellington aliisimamia Paris mwezi huohuo, nayo ilitolewa na Reprise. Ya Benjamin ilibaki kabatini. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wakubwa wa kampuni hawakuona soko lake, na maelezo hayo yana mantiki ya kibiashara, ila yanapaswa kutazamwa pamoja na mambo mengine mawili.

La kwanza ni kwamba mwaka huohuo wa 1963 Sinatra aliiuza Reprise kwa kampuni ya Warner. Kampuni inapobadili mmiliki, rekodi ambazo bado hazijatolewa hupimwa upya na watu wasiohusika na kuzaliwa kwake, na kazi isiyo na mtetezi ndani ya ofisi huwa ya kwanza kuwekwa kando. Hata albamu ya fidla ya Ellington mwenyewe ilisubiri hadi mwaka 1976, ilipotolewa na kampuni ya Atlantic. Kwa hiyo jina kubwa halikutosha kuilinda kanda. Kilichohitajika ni mtu mwenye mamlaka ya kuamua, na mamlaka hayo Ellington, pamoja na heshima yake yote, hakuwa nayo kikamilifu.

La pili linahusu matarajio ya soko kuhusu mwanamke wa Kiafrika anayeimba. Miriam Makeba, aliyekwisha kufika Marekani tangu mwaka 1959 na ambaye wasemaji wa Kiswahili wanamjua kwa wimbo wa Malaika, alipendwa na hadhira ya huko kwa nyimbo za Kixhosa na za lugha nyingine za Afrika, na kampuni hiyohiyo ya Reprise ndiyo iliyotoa Pata Pata mwaka 1967, wimbo uliopanda hadi nafasi ya 12 katika chati kuu ya Marekani. Mafanikio hayo Makeba aliyastahili kwa kila chembe, na ulinganisho huu hauthibitishi nia ya mtu yeyote ofisini. Unaonyesha tu kwamba kulikuwa na mlango uliofunguliwa kwa Mwafrika aliyekuja na Uafrika unaotambulika upesi. Benjamin alikuja na nyimbo za Kiamerika, kwa Kiingereza, akiziimba kama mtu aliyezimiliki tangu utotoni, na kwa kweli alizimiliki, kwa kuwa redio ya Cape Town ilikuwa imezifanya kuwa sehemu ya malezi yake. Kwa muuzaji aliyezoea kupanga santuri kwa makabati ya asili, mwimbaji huyo hakuwa na kabati.

Nakala na uokoaji wa muziki

Ili kufahamu jinsi albamu hii ilivyonusurika, ni lazima kufahamu kanda yenyewe ilivyo. Kanda ya studio ya zama hizo ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma, ambao chembe zake hupangwa na sumaku kulingana na sauti inayoingia. Kanda ya kwanza, ambayo mafundi huiita masta, ndiyo yenye sauti safi kuliko zote, kwa maana kila inaponakiliwa nakala huongeza mvumo kidogo. Kwa kawaida masta ni mali ya kampuni iliyogharimia rekodi, wala si ya msanii, na kampuni ina haki ya kuitoa, kuiweka au hata kuitupa. Benjamin aliamini kwa miaka mingi kwamba kanda yake imepotea kabisa. Ilikuwa ni katika utafiti wa wasifu wa Billy Strayhorn, uliochapishwa mwaka 1996, ambapo mwandishi David Hajdu alibaini kwamba Gerhard Lehner, fundi mitambo aliyekuwa kwenye meza ya studio siku ile, alikuwa amejitengenezea nakala na kuitunza. Kutokana na nakala hiyo kampuni ya Enja ya Munich, Ujerumani, iliitoa albamu, zaidi ya miaka 30 baada ya kurekodiwa.

Tukio hili lina ndugu zake. Tarehe 6 Machi 1963, siku kumi tu baada ya kikao cha Paris, mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi na kundi lake la wanne albamu ambayo haikutolewa. Masta yake ilitupwa na kampuni iliyokuwa ikipunguza gharama za ghala, lakini nakala ambayo Coltrane aliichukua nyumbani ilibaki katika familia ya mke wake wa kwanza, Naima, na ikatolewa mwaka 2018 kwa jina la Both Directions at Once. Tamasha la Thelonious Monk na Coltrane katika ukumbi wa Carnegie, New York, la Novemba 1957, liligunduliwa mwaka 2005 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako kanda zake zilikuwa zimewekwa bila kutambuliwa. Onyesho la Ella Fitzgerald mjini Berlin la mwaka 1962 lilikaa katika hazina binafsi ya meneja wake, Norman Granz, hadi lilipotolewa mwaka 2020. Katika mifano yote hii kilichookoa muziki ni kuwapo kwa kanda mahali pa pili, kwa fundi, kwa familia, katika maktaba ya umma au kwa meneja, na hakuna hata mmoja ambapo uokoaji ulitokana na mpango wa makusudi wa kampuni iliyogharimia rekodi.

Gharama ya kuchelewa

Ni kawaida kwa albamu ya namna hii kupokewa kwa shangwe kana kwamba deni limelipwa. Shangwe hiyo ina haki yake, lakini inaficha hesabu ambayo haijafungwa. Albamu ya kwanza ya mwimbaji ndiyo inayompatia mialiko, wakala, uhakiki wa magazetini na mkataba wa albamu ya pili. Benjamin aliimba na bendi ya Ellington katika tamasha la Newport mwaka 1965, na Ellington akamtaka ajiunge na bendi moja kwa moja. Alikataa, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa ameolewa na Ibrahim. Hata hivyo, wasikilizaji waliomwona Newport hawakuwa na santuri ya kwenda kuitafuta dukani kesho yake. Strayhorn alifariki mwaka 1967 na Ellington mwaka 1974, wote wawili bila kuiona kazi yao na Benjamin ikitolewa, na yeye mwenyewe alikuwa na umri unaokaribia miaka 60 wakati wasikilizaji walipoisikia sauti yake ya miaka 26.

Kuna pia gharama ya kitaaluma. Santuri inayotoka miaka 30 baada ya wakati wake haiwezi kuwaathiri waimbaji wa wakati wake, na kwa hiyo mwanahistoria anayefuata mnyororo wa nani alimfundisha nani atakuta pete moja haipo. Vitabu kuhusu jazi ya Afrika Kusini vilivyoandikwa katika miaka hiyo ya kati vilimweka Benjamin, pale vilipomtaja, katika kivuli cha mumewe, na msomaji hakuwa na njia ya kupinga mpangilio huo kwa kusikiliza mwenyewe. Kwa sababu hiyo kila kazi ya namna hii inastahili kuandikiwa tarehe mbili, ya kurekodiwa na ya kutolewa, na umbali kati ya tarehe hizo uhesabiwe kuwa sehemu ya historia yake.

Jibu la Benjamin mwenyewe halikuwa kusubiri. Mwaka 1976 kampuni ndogo ya Johannesburg ilitoa African Songbird, yenye tungo zake mwenyewe. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto mwaka huohuo, yeye na Ibrahim walitangaza wazi kuunga mkono chama cha ANC na kuhamia New York, na mwaka 1979 alianzisha kampuni yake ya santuri, Ekapa. Albamu yake ya kwanza chini ya jina hilo ilikuwa ya nyimbo za Ellington, kana kwamba anaukamilisha mwenyewe mkataba ambao wengine waliuacha njiani. Nyingine, Dedications, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kwa kumiliki kampuni alimiliki masta, na kwa kumiliki masta hakuna aliyeweza tena kuamua kwa niaba yake kama wimbo utoke au usitoke. Mwaka 2004 Rais Thabo Mbeki alimtunuku nishani ya Ikhamanga ya fedha, mwaka 2011 alirejea Cape Town, na tarehe 20 Agosti 2013 alifariki akiwa na umri wa miaka 76.

Hitimisho

Kisa hiki kinawahusu pia wenye kanda Afrika Mashariki. Nyimbo nyingi za bendi na vikundi vya taarabu zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kutangazwa tu, bila kufyatuliwa kuwa santuri, na kanda zake sasa ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Sauti ya Kenya nayo iliacha urithi wa aina hiyo kwa shirika lililoirithi. Wito unaotokana na mhadhara huu ni wa mambo matatu. Kila taasisi yenye kanda iziorodheshe na kuichapisha orodha hiyo, ili msanii na warithi wake wajue kilichopo. Kila kanda inakiliwe na nakala iwekwe katika jengo jingine, chini ya mamlaka nyingine, kwa kuwa mifano yote iliyotajwa imeonyesha kwamba mlinzi mmoja hatoshi. Na mikataba ya kurekodi iweke muda ambao, ukipita bila kazi kutolewa, haki ya kanda inamrudia msanii. Kama kifungu hicho kingekuwamo katika mkataba wa mwaka 1963, Sathima Bea Benjamin angeitoa albamu yake mwenyewe, na asingelazimika kuipata kwa hisani ya fundi aliyeamua kutunza nakala.